Mgeni wa tovuti hana jina: kutafuta wateja wa pampu nikiwa Dodoma

Nikikaa na wafanyabiashara wenzangu hapa mjini, swali huwa ni lile lile: kweli kuna programu ya kukuonyesha nani kaingia kwenye tovuti yako, umpigie simu umuuzie? Mimi nauza pampu za sola za visima. Wateja wangu wametapakaa, kuanzia wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi mpaka Bahi, Kongwa na Manyoni. Programu hizo nimezitumia na bado nazitumia. Jibu langu ni kwamba kwa mazingira yetu ni mara chache zikupe jina la mteja, ila zitakuonyesha kilichomkwamisha, na hicho ndicho mimi nakitafuta kila asubuhi.

Nianze na hilo la jina. Programu kama Leadfeeder, iliyoanzia Finland, hufanya kazi hivi: mtu akifungua ukurasa wako, anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha mtandao anaotumia, inaonekana. Programu inailinganisha anwani hiyo na orodha ya mashirika yanayojulikana kwa anwani zao. Ikipata, inakuandikia kwamba shirika fulani limesoma kurasa hizi, kwa muda huu. Haikutajii mtu, inakutajia ofisi. Ulaya na Marekani, ambako kampuni nyingi zina intaneti yake ya ofisini, mtu wa mauzo ana pa kuanzia.

Huku kwetu mteja yuko kwenye simu, kajiunga bando. Mitandao ya simu hupitisha wateja wake wengi kwenye anwani chache za pamoja, kwa hiyo orodha yako itajaa majina ya kampuni za simu. Hata mahali si pa kuamini sana: mkulima yuko Kondoa, ripoti inasema Dar es Salaam, kwa sababu huko ndiko mtandao wake unakotokea. Na ukiona wageni wengi wa Ashburn, Marekani, usiwahesabu. Pale pana vituo vikubwa vya kompyuta, na wengi wao ni roboti, yaani programu zinazojiendesha, si watu.

Majina yanayotoka kweli ni ya taasisi zenye mtandao wake: vyuo, mashirika ya misaada, baadhi ya ofisi za umma. Kwa Dodoma hilo si dogo, maana Serikali iko hapa. Ofisi ya umma itanunua kupitia NeST, mfumo wa Serikali wa manunuzi kwa mtandao, hata uwe na maneno matamu kiasi gani. Lakini kabla zabuni haijatangazwa kuna mtu anakusanya vipimo na bei za sokoni, na huyo anasoma ukurasa wako. Nikiona dalili hiyo nahakikisha karatasi ya vipimo iko sawa na inapakuliwa bila shida. Kuna shirika moja lilirudi mara kadhaa kwenye ukurasa wetu wa vipuri na dhamana. Nilipiga simu ofisini kwao, nikaomba mtu wa manunuzi, nikajitambulisha: tunauza pampu za sola, vipuri viko Dodoma, fundi anafika mpaka Manyoni. Sikusema nimewaona. Walikuwa na zahanati yenye kisima kilichosimama kwa kukosa kipuri, na mazungumzo yakaanzia hapo.

Sasa nije kwenye zana ninayoipenda kuliko zote, nayo ni ya bure: Microsoft Clarity. Inarekodi mgeni anavyotembea kwenye ukurasa, anaposhuka, anapobonyeza, anaposimama. Anachoandika kwenye visanduku hufichwa, na mimi nataka kibaki kimefichwa.

Kuna rekodi moja nimewaonyesha mafundi wangu wote. Ni usiku, mgeni anatumia simu. Anatua kwenye jedwali la bei, anakuza maandishi, anasogea mpaka mstari wa kisima cha mita 80. Anasimama. Anashuka kwenye picha ya paneli, anarudi kwenye mstari ule ule. Halafu anabonyeza neno "kufunga", ambalo halikuwa kiungo, ni maandishi matupu. Anabonyeza tena, na tena. Anaondoka.

Mtu huyo sijui ni nani na sitamjua. Lakini ameniambia kila kitu: kisima anacho, kina chake anakijua, bei ya pampu haikumtisha. Alitaka kujua kufunga ni shilingi ngapi. Chini ya jedwali sasa pana gharama ya fundi, ya vyuma vya kubebea paneli, ya bomba na waya kwa mita, na usafiri kwa kila wilaya.

Kutoka hapo mpaka kupata mteja mwenye jina, daraja ni WhatsApp. Kiungo cha wa.me kinakuruhusu kuweka ujumbe tayari, na kila ukurasa wangu una ujumbe wake. Google Analytics, zana ya Google ya kuhesabu wageni wa tovuti, inahesabu waliobonyeza, lakini mimi ujumbe wenyewe unanitosha. Ukiingia "Naulizia pampu ya kisima cha mita 60 hadi 100", najua katoka ukurasa gani kabla hajaongeza neno.

"Habari kaka, nina zabibu ekari mbili huku Hombolo."

"Salama mama, karibu sana. Kisima kimeshachimbwa? Maji yamesimama mita ngapi?"

"Kimechimbwa. Hiyo ya maji kusimama sijui."

"Ile karatasi aliyokuachia mchimbaji unayo?"

"Ninayo, ngoja niipige picha."

Picha ya karatasi ile ina kina cha kisima, maji yaliposimama, na kiasi kinachotoka kwa saa. Hakuna programu duniani ingenipa taarifa hizo, na bila hizo pampu nitakayomuuzia ni ya kubahatisha. Mama wa watu anauza mbuzi apate pampu, siwezi kubahatisha na pesa yake.

Ndiyo maana naudhika nikisikia wauzaji wanafundishwa kumwambia mteja "niliona jana ulikuwa unaangalia bidhaa yetu". Mtu anashtuka, na ana haki ya kushtuka. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili, na jina na namba ya simu ya mama wa Hombolo ni taarifa binafsi. Kwenye tovuti yetu tumeandika kwa Kiswahili cha kawaida tunachorekodi na sababu yake, na namba ya mteja haitoki kwetu kwenda kwa muuza mbegu wala kwa mtu wa mikopo, hata kama tunafahamiana.

Kazi iliyo mezani sasa ni vipeperushi vya Nanenane pale Nzuguni. Cha zabibu kitakuwa na msimbo wake wa kuskani kwa simu (QR), cha mpunga wa Bahi wake, cha maji ya mifugo wake, na kila msimbo utafungua ukurasa tofauti wenye ujumbe wake wa WhatsApp. Wa mifugo bado unanisumbua: sijaamua nimuulize mfugaji kwanza idadi ya ng'ombe au umbali wa kisima kutoka kwenye birika.