Bangili ya Kumi na Nane

Chungwa ndilo lililotoa siri yangu. Ilikuwa Jumapili ya kutembelewa, mwanzoni mwa Septemba 2002, na tulikuwa tumekaa chini ya mwembe kwenye uwanja wa shule yetu ya bweni, Tanga mjini. Bibi alikuwa ametoka Pangani na basi la alfajiri. Kikapuni alileta kashata za nazi, samaki wa kukaanga aliofunga kwa karatasi, na machungwa ya Muheza aliyoyanunua pale stendi. Akanipa chungwa moja na kisu. Nikakishika kisu, nikakisukuma kwa kidole gumba kama nilivyofanya maisha yangu yote, na maumivu yakapanda kutoka kwenye kifundo cha mkono mpaka karibu na kiwiko. Nikahamishia kisu mkono wa kushoto. Chungwa likaniponyoka, likabingirika kwenye vumbi.

Bibi aliliokota, akalifuta kwa ncha ya kanga, akaliweka pembeni. Kisha akauchukua mkono wangu.

"Tangu lini?"

"Si kitu, bibi. Ni kuandika tu, tunajiandaa na mtihani."

Akaupindua mkono, akaangalia kidole cha shahada, pale kwenye mkunjo wa kwanza, ambapo palikuwa na alama nyembamba nyekundu iliyokwisha kuwa ngumu.

"Kalamu haikati hapa," alisema. "Hapa panakatwa na uzi."

Ilibidi nimwambie. Katika bweni letu tulikuwa wasichana ishirini na watano wa kidato cha nne, na mahafali yalikuwa yanakaribia. Nilikuwa nimeamua, bila kumwambia mtu, kwamba kila mmoja wa wale ishirini na wanne wenzangu ataondoka na bangili ya uzi niliyoifunga mwenyewe. Ufundi huo tuliletewa na msichana wa Moshi tulipokuwa kidato cha pili. Wengi walijaribu wakachoka baada ya siku mbili, mimi ulinishika. Nilipenda namna rangi zinavyojitokeza polepole, na namna uzi uliokuwa hauna maana peke yake unavyogeuka mshale mbele ya macho yako.

Nieleze kidogo kazi yenyewe, maana asiyewahi kuifanya hudhani ni mchezo. Unachukua nyuzi za kudarizi kumi na mbili, unazifunga pamoja kichwani, unazibana kwa pini ya nepi kwenye godoro au kwenye gauni, usawa wa goti. Uzi wa pembeni unaupitisha juu ya jirani yake kwa umbo la tarakimu 4, unauingiza chini, unauvuta juu mpaka fundo likae. Halafu unarudia palepale, maana fundo moja ni kuvuta mara mbili. Ukivuta mara moja tu litapinda. Kwa mtindo wa mishale, uzi wa kushoto unakwenda mpaka katikati, wa kulia nao vivyo hivyo, kisha hizo mbili zinafungana. Mstari mmoja una mafundo 11, yaani kuvuta mara 22. Bangili zangu zilikuwa na mistari kama 60. Hesabu hiyo sikuipiga wakati ule. Niliipiga nikiwa mtu mzima: kila bangili ni kuvuta uzi mara 1,320, na mpaka siku ile ya chungwa nilikuwa nimemaliza kumi na saba, kwa wiki tano. Zaidi ya mara 22,000, kwa kidole kile kile na kwa mzunguko ule ule wa mkono.

Nilifanya baada ya prepo, nikiwa nimejikunja kitandani, na taa zikizimwa saa nne niliendelea kwa tochi niliyoibana kati ya shingo na bega. Mwanzo vidole vilikuwa vinauma tu nchani, na asubuhi vimepoa. Wiki ya tatu nikaanza kuamka na kidole gumba kinauma. Wiki ya nne nilikuwa siwezi kukamua nguo wala kufungua kufuli la tranka bila kukunja uso. Sikuacha, na sababu ilikuwa moja tu: kuacha kulikuwa na maana ya kuchagua nani atapata na nani atakosa, na katika bweni lile walikuwapo wasichana waliokwisha kukoseshwa mambo mengi.

Bibi alisikiliza yote. Akaniambia nimletee moja. Nilimletea ile ya kumi na nane, iliyokuwa bado imefika nusu, ya bluu na njano. Akaipitishia ukucha juu ya mafundo, kutoka mwanzo hadi nilipoishia.

"Mafundo yamekaa sawa," alisema. "Lakini unavuta kama unamfunga mbuzi. Nani amekwambia anataka kutoroka?"

Bibi yangu alisuka ukili, ule mkanda wa chane za ukindu unaoshonwa kuwa mkeka, tangu akiwa na umri wa miaka minane. Mikeka ya nyumba yetu yote ilitoka mikononi mwake, na mingi aliiuza. Siku ile, kwa mara ya kwanza, alinieleza maumivu ya kazi yake kama mvuvi anavyoeleza pepo za baharini. Kuna maumivu ya ngozi, alisema, hayo dawa yake ni mafuta ya nazi na kulowesha chane zisiwe kavu. Kuna maumivu ya nyama, hayo unalala nayo na kukicha hayapo. Na kuna ya mshipa, ambayo yanaamka kabla yako. "Haya ya tatu si ya kazi tena. Ukiyapata, kazi unaiweka chini." Alikuwa anaupima ukili wake kwa pima, mikono yote miwili ikiwa imenyooshwa, na kila pima moja ilipotimia aliinuka, akafanya jambo lingine la nyumbani, ndipo akarudi. Utotoni nilidhani ni uzee, au kwamba amekumbuka chungu jikoni. Kumbe ulikuwa utaratibu wa kazi.

Jambo hili linanigusa mpaka leo. Seremala akiumwa bega, watu humpa pole ya kazi. Mwanamke anayesuka au kudarizi akisema mkono unauma, huambiwa apumzike kidogo, kama vile alikuwa anacheza. Bibi hakunicheka, wala hakuniuliza kwa nini nahangaika na vitu vya kitoto. Alizungumza nami kama fundi anavyozungumza na fundi.

Jumatatu matroni alinipeleka hospitali. Daktari alinikunjisha kidole gumba ndani ya kiganja, vidole vingine vikakifunika, kisha akaniambia niuinamishe mkono kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Nilipiga kelele. Akanieleza kwamba kuna kano mbili za kidole gumba zinazopita kwenye kijia chembamba pale kwenye kifundo cha mkono. Zikisuguliwa mno, kijia kinavimba na kuzibana. Jina la hali ile nililijua miaka mingi baadaye, nilipomsindikiza dada yangu kliniki akiwa na mtoto mchanga: linatokana na Fritz de Quervain, daktari mpasuaji wa Uswisi aliyeieleza mwaka 1895. Huwapata sana akina mama wanaonyanyua watoto kutwa nzima. Dada yangu aliponionyesha panapomuuma, nilipagusa kabla hajamaliza kusema.

Nilifungwa kibao na bendeji, nikapewa dawa za maumivu, na nikaambiwa nyuzi basi. Mtihani wa taifa niliufanya kwa kalamu niliyoizungushia kitambaa ili iwe nene, nikipumzisha mkono mapajani kila baada ya ukurasa, na nilifaulu.

Kilichoniliza ni bangili saba zilizobaki. Nilizihesabu zile kumi na saba usiku, chini ya shuka, nikapanga na kupangua majina. Nilifikiria nisimpe mtu yeyote. Nilifikiria kuendelea kwa mkono wa kushoto, nikajaribu, na mafundo yakakaa kama meno ya mtoto. Nikamwandikia bibi barua kwa mkono huo huo wa kushoto, sentensi nne tu, nikamwambia kazi nimeiweka chini kama alivyosema, na kwamba zimebaki saba.

Siku ya mahafali, Jumamosi ya mwisho ya ule mwezi wa Septemba, bibi alifika mapema kuliko wazazi wote. Alikuwa amevaa kanga mpya. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanivuta pembeni na kutoa kwenye pindo la kanga kifurushi cha kitambaa cheupe. Ndani mlikuwa na bangili saba za ukili. Sijawahi kuona ukili mwembamba namna ile, upana wa ukucha wangu mdogo, chane zimechanwa nyembamba kama nyuzi, zambarau na kijani zikipishana, na miisho imefichwa kwa ustadi hata huoni zilipofungiwa.

Niliwagawia wenzangu bwenini kabla ya kuingia ukumbini. Sitasahau vilio vya asubuhi ile, wala jinsi msichana wa Moshi alivyoigeuza yake mara nyingi akihesabu mishale. Waliopata za ukili walizivaa juu kabisa, karibu na kiwiko, zionekane. Mmoja wa waliopata za uzi aliniuliza kwa unyonge kwa nini yeye hakupewa ile ya bibi. Ile nusu ya kumi na nane ilibaki ndani ya tranka langu, na pini yake.

Baada ya sherehe tulirudi chini ya mwembe. Kikapuni mlikuwa na machungwa tena. Bibi alitoa moja, akatoa na kisu, akakaa navyo mapajani kwa muda bila kumenya. Ndipo nikaangalia mikono yake. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimevimba kwenye viungo, na kidole cha shahada alikuwa amekizungushia kitambaa. Kuchana ukindu wembamba vile, kwa macho yale, kwa taa ya chemli, kwa wiki tatu.

"Bibi, si uliniambia ya mshipa unaweka kazi chini?"

"Nilikwambia wewe," alisema. "Wewe una mtihani."

Tukakaa na chungwa letu, yeye na kitambaa chake, mimi na bendeji yangu. Mwenzangu wa kitanda cha juu alipita, ukili wa zambarau ukiwa juu ya kiwiko chake. Akatuangalia, akachuchumaa mbele ya bibi, akachukua kisu na kuanza kumenya.