Wanamgambo wa Lowell kabla ya vita vya 1861

Hapa Lowell, Massachusetts, mji wa viwanda vya zamani ambao Waafrika Mashariki wengi, hasa Wakenya, wamehamia, mbele ya jengo la halmashauri ya jiji umesimama mnara wa mawe uliozinduliwa Juni 17, 1865. Chini yake wamezikwa Luther Ladd, aliyekufa akiwa na miaka 17, na Addison Whitney, vijana wa viwandani waliouawa Baltimore Aprili 19, 1861. Hawakuwa askari wa mshahara. Walikuwa wanamgambo wa kujitolea, na mtu akifuatilia historia ya mgambo huo kabla ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, kati ya majimbo ya Kaskazini na ya Kusini yaliyojitenga, huona bila shida ni nani aliyehesabiwa kuwa raia kamili.

Sheria ya shirikisho ya 1792 ilitaka kila mwanamume mzungu aliye huru, mwenye miaka 18 hadi 45, aandikishwe. Baada ya muda siku za gwaride ziligeuka mzaha: watu walikuja na mafagio na mabua ya mahindi badala ya bunduki, na ulevi ukazidi mazoezi. Mwaka 1840 Massachusetts iliachana na gwaride la lazima, ikategemea kombania za kujitolea, ambazo zilikuwa nusu jeshi na nusu chama. Wanachama waligharamia sare zao, walifanya dhifa na dansi, na kapteni wao walimchagua kwa kura. Kwetu Tanzania, ambako mgambo tunamjua kwa kufukuza wamachinga na kutii amri kutoka juu, mgambo anayempigia kura mkubwa wake ni kiumbe mgeni kabisa.

Hata hivyo, mlango haukuwa wazi kwa kila mtu. Juni 2, 1854, mgambo waliitwa kulinda mitaa ya Boston wakati Anthony Burns, mtumwa aliyetoroka Virginia, alipokuwa akipelekwa melini kurudishwa utumwani. Mojawapo ya zilizosimama zamu ilikuwa Columbian Artillery, kombania ya Waayalandi. Mwaka uliofuata gavana Henry Gardner, wa chama kilichowachukia wahamiaji Wakatoliki, alizivunja kombania zote za Waayalandi, pamoja na Jackson Musketeers ya hapa Lowell. Kanali Benjamin Butler, wakili wa mji huu, alikataa kuitekeleza amri hiyo akavuliwa cheo. Muda si mrefu maofisa wenzake wakamchagua kuwa brigadia, jambo ambalo mimi naliona kuwa jibu la kijeuri lililostahili.

Weusi wa Boston walifungiwa nje tangu mwanzo. Wakili wao Robert Morris alipeleka maombi kwa wabunge wa jimbo akitaka neno "mzungu" liondolewe katika sheria ya mgambo, akakataliwa. Waliunda kombania yao wenyewe, Massasoit Guards, bila kutambuliwa na jimbo. Wakati huohuo viwanda vya Lowell viliendeshwa kwa pamba iliyolimwa na watumwa, na nguo za pamba za Massachusetts, zile merikani za babu zetu, zilikuwa zikiuzwa mpaka Zanzibar.

Januari 1861 gavana mpya, John Andrew, aliamuru kila kombania iwaondoe wasio tayari kuitika wito mara moja. Ndiyo maana Rais Lincoln alipoomba wanamgambo 75,000 hapo Aprili 15 kupambana na majimbo ya Kusini, Rejimenti ya Sita, yenye kombania nne za Lowell, iliondoka Boston kwenda Washington, kupitia Baltimore, baada ya siku mbili tu. Baltimore haikuwa na reli ya kuunganisha stesheni mbili kwa injini. Mabehewa yalivutwa na farasi kupitia Pratt Street. Umati uliounga mkono Kusini uliziba njia, kombania za nyuma zikalazimika kutembea kwa miguu huku zikipigwa mawe, na risasi zikalia. Walikufa askari wanne na raia kumi na wawili.

Mwaka huohuo Thomas Cass, aliyekuwa kapteni wa Columbian Artillery iliyovunjwa, aliunda Rejimenti ya Tisa ya Massachusetts, ya Waayalandi. Weusi walisubiri hadi 1863, Andrew alipounda Rejimenti ya 54. Mzungu alilipwa dola 13 kwa mwezi. Wao walipewa dola 10, na tatu zikakatwa kwa ajili ya nguo. Walikataa kuzipokea hadi bunge la shirikisho lilipobadili sheria mwaka 1864.