Nilivyolipoza jakuzi langu

Hita ilikuwa imezimwa wiki nzima, lakini kipimajoto bado kilisoma nyuzi 36. Jua lilikuwa kali, nikitamani mahali pa kujipoza, na kujitumbukiza mle ilikuwa sawa na kuingia kwenye sufuria ya supu.

Nilianza na barafu. Kilo 20 nilizomwaga ziliyeyuka nikiwa bado natafuta taulo. Nikachukua kalamu: jakuzi langu lina lita 1,200, na kilo 20 za barafu haziwezi kushusha joto la maji mengi hivyo kwa zaidi ya nyuzi 2. Basi nikaachana na barafu, nikajiuliza joto lenyewe linatoka wapi ikiwa hita imelala.

Kumbe ni pampu. Ile ya kuchuja maji inakula takriban kilowati 1, nami nilikuwa nimeipangia saa 6 kwa siku, yaani uniti 6. Lita 1,200 hupanda nyuzi 1 kwa uniti 1.4 tu. Joto la pampu likiingia lote majini, ni nyuzi 4 kila siku! Na kile kifuniko kinene nilichokisifia majira ya baridi ndicho kilichokuwa kikilifungia humo humo.

Nikapunguza kuchuja hadi saa 3 kwa siku, tena alfajiri, na usiku nikawa naacha kifuniko wazi ili maji yapoe kwa kuvukiza. (Kama una watoto wadogo, usithubutu.) Yakashuka hadi 31. Kupunguza zaidi niliogopa, kwa sababu maji ya vuguvugu yasiyozunguka ni shamba la bakteria, na klorini haiwezi kufika kila kona yenyewe.

Hapo ndipo niliponunua mashine ya kupoza. Ni friji tu, ina kompresa, gesi na koili, ila badala ya kupoza hewa inapoza maji. Jambo moja nililolikazania dukani ni koili inayogusa maji iwe ya titani, kwani shaba huliwa na klorini. Muuzaji alinisukumia yenye nguvu mara mbili. Nikamwambia sina haraka. Yangu huondoa joto la kilowati 1.5, hivyo kutoka nyuzi 31 hadi 24 ni karibu saa 7, usiku mmoja ninapolala.

Mabomba ya jakuzi sikuyakata, nisije nikapoteza dhamana. Nilitumia pampu ndogo ya pembeni: mpira mmoja unanyonya maji, yanapita kwenye chujio, yanaingia kwenye mashine, kisha mpira wa pili unayarudisha. Mwanzoni mipira yote miwili niliiweka upande mmoja, mashine ikawa inanyonya maji yaleyale iliyotoka kuyapoza na kuzima ikidhani kazi imekwisha. Nikauhamishia wa kurudisha upande wa pili. Kosa jingine lilikuwa kuibana mashine kwenye pembe ya ukuta ili isionekane. Feni ikawa inavuta hewa ya moto iliyoitoa yenyewe. Sasa iko wazi, haipendezi, lakini inapoza.

Umeme sikuugusa. Fundi aliivutia mashine laini yake na swichi inayojikata umeme ukivuja.

Usiku wa kwanza niliitegesha nyuzi 24, nikawasha jakuzi, nikalala nikiwa na furaha. Asubuhi maji yako 26, kompresa inanguruma, na taa ya hita inawaka! Jakuzi langu halikubali kutegeshwa chini ya nyuzi 26, kwa hiyo kila mashine ilipovuka hapo, hita iliamka kuyapasha maji. Usiku kucha nimelipia umeme wa kupasha na wa kupoza maji hayo hayo. Ile wiki ya mwanzo hita nilikuwa nimeizima kwenye breka yake, na kwa furaha ya kifaa kipya nikairudisha.

Fundi akarudi kufunga swichi ya kuchagua: upande mmoja hita, upande wa pili mashine, haviwezi kupata umeme kwa pamoja. Kesho yake maji yalikuwa 24. Nilikaa humo nusu saa, nikatoka meno yakigongana, nikaitegesha 27.