Mkienda Living History Farms, anzieni shamba la 1700

Ndugu zangu mnaokaa Des Moines hapa Iowa, Marekani, na maeneo ya karibu, kama hamjafika Living History Farms, makumbusho ya kilimo pale Urbandale, basi fanyeni mpango mwende, na mkifika msikimbilie farasi kwanza, anzieni shamba la mwaka 1700 la Waioway, kabila la wenyeji wa asili wa huku.

Mahali penyewe ni pakubwa, ekari kama 500 hivi, palianzishwa 1970 na profesa wa uchumi wa kilimo, William Murray, na mashamba yamepangwa kwa miaka, 1700, 1850, 1900, we unatembea tu au unapanda tela la trekta. Papa Yohane Paulo wa Pili aliadhimisha misa hapo Oktoba 1979, zaidi ya watu laki tatu walikuja. Na hakuna habari ya kuangalia vitu kwenye kabati la kioo, unakuta watu wamevaa nguo za enzi hizo wanalima kweli na wanapika.

Sasa hilo shamba la 1700 jamani! Mahindi, maharage na maboga yote pamoja, mahindi yako kwenye vituta vidogo vya duara, maharage yanapanda kwenye bua, maboga yametambaa chini yanafunika udongo, magugu hayaoti na unyevu haupotei. Yaani ni shamba la mama yangu kule Mbozi kabisa. Jembe lao lilikuwa mfupa wa bega la nyati wa huku umefungwa kwenye mpini, na wakulima wenyewe walikuwa wanawake. Utotoni tuliambiwa kuchanganya mazao ni ushamba, kumbe maharage yanairudishia ardhi naitrojeni ambayo mahindi yanaila, na hao akina mama waliyaona matokeo yake kwa macho yao bila maabara yoyote. Kinachoniuma ni kwamba jimbo zima la Iowa limebeba jina lao ila wenyewe waliondolewa kwa mikataba ya miaka ya 1830, leo wako Kansas, Nebraska na Oklahoma.

Kwenye 1850 kuna nyumba ya magogo na maksai, nilipita haraka, maksai nimekua nao.

1900 ndo kuna farasi. Walituelezea uvunaji, mkulima anavaa kulabu ya chuma mkononi, anachana maganda, analivunja hindi na kulirusha kwenye mkokoteni bila hata kuangalia, maana upande wa pili kuna ubao mrefu, hindi linagonga pale linaangukia ndani, na farasi wanasogea kwa kuambiwa tu. Halafu kuna mashine ya kupukuchulia ya mkono, unatumbukiza hindi juu, unazungusha mpini, punje zinadondoka chini gunzi linatokea pembeni. Haili mafuta wala umeme! Mama mpaka leo anapiga magunia kwa fimbo na yanayobaki anamalizia kwa vidole mpaka vinachubuka, na mashine hii huku wameshaiweka makumbusho, kwa kweli iliniingia sana moyoni. Nimemtumia kaka video aipeleke kwa mafundi wa kuchomelea pale Mlowo waone kama wanaweza kuiunda.

Kama kuna mtu ameiona ikiuzwa Mbeya au Tunduma naomba aniambie bei na duka, msimu wa mavuno usitukute hivihivi.