Kubadilisha injini ya Corolla 110 nyumbani: toka 5A kwenda 4A

Corolla 110 yenye injini ya 5A-FE iliyochoka, inayokula oili na kutoa moshi wa bluu, inaweza kupewa uhai mpya uani kwako. Chagua 4A-FE. Ukubwa unaongezeka kidogo tu, toka cc 1498 hadi 1587, kwa hiyo usitegemee mbio za ajabu. Faida yake ni kwamba injini hizi ni ndugu: maunti na giaboksi hukaa palepale. 7A-FE ya cc 1762 inavutia zaidi, lakini bloku yake imeenda juu, taimingi belti ni nyingine, na paipu ya egzosi haitakaa bila kuchomelewa upya. Kwa mtu anayefanya kazi hii mara ya kwanza, hapo ndipo gari hulala miezi juu ya mawe.

4A ya mtumba hutoka sana kwenye Spacio za kwanza, AE111. Inunue kamili, ikiwa na giaboksi, distribyuta, sensa zote, nyaya zake zote na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Anayekuuzia injini iliyokatwa nyaya kwa kisu anakuuzia wiki mbili za kutafuta waya. Fungua kifuniko cha oili. Ukiona tope jeusi, achana nayo. Pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya kila silinda, kabla ya kulipa: injini yenye afya ikiwa na joto hutoa karibu psi 191, isishuke chini ya 142, na silinda zisipishane zaidi ya psi 14. Ikiwa baridi itasoma chini kidogo, kwa hiyo angalia zaidi ule upishano.

Kabla ya kufungua chochote, bandika karatasi yenye namba kwenye kila soketi na kila paipu ya vakyumu, kisha piga picha. Toa betri, mwaga kulanti (maji ya rejeta) na oili ya giaboksi, chomoa shafti za magurudumu, halafu nyanyua kwa cheni bloku ya tani 1 iliyofungwa kwenye fremu ya chuma. Boriti ya paa haikutengenezwa kwa mzigo huo.

Injini mpya ikiwa bado chini, badilisha taimingi belti, pampu ya maji, sili ya nyuma ya krenki na sili za shafti. Ni vitu vya bei ndogo, lakini sili ya krenki ikianza kuvuja baadaye utashusha giaboksi yote kwa ajili ya mpira mmoja.

Kwa gari la otomatiki, hatari kubwa iko kwenye konvata, lile dude la mviringo kati ya injini na giaboksi linalopitisha nguvu kwa oili. Ukitenganisha giaboksi ili ufikie ile sili, konvata husogea mbele kidogo na kuchomoka kwenye pampu. Wakati wa kurudisha, isukume huku ukiizungusha hadi uisikie imeingia hatua baada ya hatua, na iwe ndani kuliko uso wa giaboksi. Injini na giaboksi lazima zikutane kwa mkono. Ukiona mwanya, usizivute kwa bolti. Pampu ya giaboksi itapasuka, na gari halitasogea hata sentimita.

Rudisha waya wa athi (waya hasi) kati ya injini na bodi. Ukisahaulika, umeme wa stata hutafuta njia nyingine, mara nyingi kebo ya akseli, na kebo hiyo huungua.

Kabla ya kuwasha, chomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza mafuta) na upige stata mpaka taa ya oili izimike. Mpangilio wa plagi kuwaka ni 1-3-4-2, silinda ya kwanza ikiwa upande wa belti. Kuweka taimingi ya cheche, unganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi, kisha zungusha distribyuta hadi digrii 10 kabla ya TDC, yaani pistoni ikiwa juu kabisa. Toa hewa kwenye kulanti huku hita ikiwa kwenye joto. Na tafadhali, usitoe themostati (vali inayozuia maji ya rejeta hadi injini ipate joto) kwa kisingizio cha joto la nchi zetu: bila hiyo kontroli boksi hudhani injini bado baridi, huongeza mafuta, na plagi hujaa masizi.

Mwisho, namba ya injini imeandikwa kwenye hati za gari. Peleka risiti ya ununuzi TRA (mamlaka ya mapato) kwa walioko Tanzania, au NTSA (mamlaka ya usafiri) kwa walioko Kenya, namba hiyo ibadilishwe kabla hujasimamishwa barabarani.