Amiga 500 na laptopu kwa waya wa LAN

Amiga 500, kompyuta ya zamani ya nyumbani, ina mlango wa siriali (unaotuma data biti moja moja) wa pini 25 nyuma yake, na hiyo ndiyo njia nyepesi ya kupitisha mafaili kati yake na laptopu ya leo. Ukiwa Tabora huna haja ya kusubiri kebo maalumu itoke Dar. Mita mbili za waya wa LAN, konekta jike ya pini 25, jike ya pini 9 na adapta ya USB ya siriali vinatosha.

Kebo ya pini 25 iliyofungwa nyuzi zote iache kabisa. Kwenye Amiga 500 pini ya 9 ina volti +12 na ya 10 ina −12. Zikifika pasipostahili, kitu kinaungua.

Lehemu hivi, pini ya Amiga kwanza, kisha ya upande wa laptopu: 2 kwa 2, 3 kwa 3, 7 kwa 5, 4 kwa 8, 5 kwa 7. Pini 20 iende 6 na 1 kwa pamoja. 4 ya laptopu irudi 6 na 8 za Amiga. Nyuzi saba hizo. Uzi wa nane wa waya wa LAN uongeze kwenye 7 na 5. Wengi wakiona 2 kwa 2 huzivusha, na kebo haipitishi hata herufi. Iache ilivyo: kwenye pini 25 namba 2 hutuma, kwenye pini 9 hupokea.

Adapta ichomeke kwenye laptopu na uipime kabla ya kuiunganisha na Amiga. Ncha nyeusi ya kipima volti pini 5, nyekundu pini 3: isome hasi, volti −5 hadi −12 hivi. Ikisoma chanya 3.3 au 5, hiyo ni ya TTL (siriali ya volti ndogo) na Amiga itaiunguza.

Chomeka mashine zote zikiwa zimezimwa. Soketi isiyo na waya wa ardhi? Laptopu itumie betri, maana umeme unaovuja kwenye chaja hupitia chipu za 1488 na 1489 za mlango wa siriali wa Amiga.

Kwenye mipangilio ya siriali weka pande zote kasi ya 19200, biti 8, bila pariti, stopu 1, RTS/CTS (nyuzi za kusimamisha na kuruhusu utumaji). Ni baiti 1,920 kwa sekunde, kwa hiyo diski ya KB 880 huchukua kama dakika nane. Herufi zikidondoka ukipandisha kasi, punguza rangi za skrini kutoka 16 hadi 4: chipu ya Paula, inayoshughulikia siriali, haina foleni ya kutunza baiti zinazoingia, na skrini nzito humchelewesha prosesa kuzichukua.

Kama Amiga haina programu ya kupokelea, andika kwenye CLI (dirisha la amri): type SER: to RAM:pokea. Tuma faili la maandishi kutoka laptopu, kisha bonyeza Ctrl na C.