Leo mwezi ngapi? Safari zetu mbili za Kilwa

Nianze na aibu yenyewe, maana hata nikiificha wenzangu wataitoa. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Miaka kumi na mmoja nimesimama mbele ya watoto wa Dodoma nikichora jua, mwezi na dunia ubaoni, nikiwaeleza kwa nini maji ya bahari hujaa na kupwa. Na Juni 2024 nilikaa juu ya fungu la mchanga, jua la utosi, nikisubiri bahari irudi.

Wazo lilikuwa la mwalimu wetu wa historia. Alikuwa amechoka kufundisha Kilwa kwa picha moja iliyofifia kitabuni, kila mwaka picha ileile. Tukawa sita: walimu wanne, mke wangu, na shemeji yangu anayeuza vitenge soko la Majengo. Tuliuliza bei kwa kampuni moja ya utalii, wakataja milioni na ushei kwa kichwa. Tukashukuru, tukakata simu.

Hapo ndipo alipoingia mshauri. Kila ofisi ya walimu ina mmoja. Alisema amefika Kilwa, akatupa mambo matatu bila hata kuulizwa: nendeni mwezi mpevu, usiku wa Kilwa ni kama mchana, chukueni mashua ya tanga, injini ni kuunguza hela, na kibali msihangaike nacho, mtalipia hukohuko kisiwani. Tuliandika yote kwenye daftari. Baadaye sana ndipo tuligundua kwamba Kilwa yake ni Nangurukuru, njia panda ya kuingilia Kilwa, aliposhuka basini dakika kumi kununua korosho akienda Mtwara.

Safari ya kufika haina hadithi. Dodoma, Dar, kulala kwa ndugu Mbagala, basi la alfajiri, daraja la Mkapa juu ya Rufiji, jioni mko Kilwa Masoko mnakula pweza. Ila ulizeni kabla ya kukata tiketi kama basi linaingia Masoko. Ya Lindi na Mtwara yatawamwaga Nangurukuru na mizigo yenu.

Ijumaa tukavuka na wenyeji kwenda Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale, na ushauri wa kwanza ukaanguka palepale. Kibali hutolewa Masoko, bara, kabla ya kuvuka, na ndipo mnapopewa mtembeza wageni. Tukarudishwa kama wanafunzi waliosahau daftari nyumbani. Kwa Mtanzania kiingilio ni fedha ndogo tu. Kilichotuuma ni kulipa chombo mara mbili.

Lakini Kisiwani kulitufuta machozi. Unashukia karibu na Gereza, ngome ambayo Wareno waliijenga mwaka 1505 na Waomani wakaja kuijenga upya. Ndani zaidi kuna Msikiti Mkuu, ulioanzwa karne ya 11 na kupanuliwa baadaye, kuba na matao yake yakiwa ya mawe ya matumbawe na chokaa. Mwalimu wa historia aliingia pale akanyamaza. Namfahamu miaka sita, sikuwahi kuona hivyo. Kwenye msikiti mdogo wa kuba akatuonyesha mahali mabakuli ya kigeni yalipopachikwa darini kama pambo, na shemeji akauliza kama yaliyobaki yanauzwa.

Shemeji huyuhuyu ndiye aliyetuchekesha hadi tumbo likauma. Mtembezaji alisimulia masimulizi ya zamani kwamba Ali bin al-Hasan, Mshirazi, alikinunua kisiwa kutoka kwa mtawala mwenyeji kwa nguo za kutosha kukizunguka. Sisi tunatikisa vichwa kwa heshima ya historia, yeye kakaa juu ya jiwe anapiga hesabu kwenye simu: doti moja ina urefu gani, kisiwa kina mzunguko gani, bei ya jumla shilingi ngapi. Akahitimisha kwamba yule mtawala alipunjwa, labda kama nguo zilikuwa za hariri. Mpaka Husuni Kubwa bado anabishana na simu. Husuni Kubwa ni kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lina bwawa la pembe nane juu ya jabali linalotazama bahari. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 enzi za sultani huyo, akaandika jinsi alivyokuwa mkarimu, hata watu wakamwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Pale kaeni. Msikimbizwe na mtembezaji mwenye njaa, mpeni andazi.

Sasa Jumamosi, tarehe 22 Juni, siku ya Songo Mnara, kisiwa kingine cha magofu.

Saa kumi na mbili asubuhi tuko ufukweni Masoko. Mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye mchanga akishona nyavu. Tukamwamkia, akaitikia, akatutazama sisi na mashua yetu ya tanga, akaniuliza, "Leo mwezi ngapi, Mwalimu?"

Nikamjibu kwa adabu kabisa, "Mwezi wa sita, mzee."

Alicheka akaweka nyavu chini. "Mwezi sita umepita siku tisa!" Kisha akainama kwenye kazi yake. Nikamwambia mke wangu kwamba mzee huyu kumbukumbu zimeanza kumtoka.

Nahodha alikuwa kijana, mpole, wa kukubali kila kitu. Tulimwambia tunataka tanga, akasema sawa. Tulimwambia tunataka leo, akasema sawa. Juni ni kusi, upepo unavuma kutoka kusini, na Songo Mnara iko kusini. Kwa hiyo mashua ikawa ya kubisha: tunakwenda upande huu, tanga linageuzwa, tunainama wote vichwa visikatwe na foromali, mti unaoshika tanga, tunakwenda upande ule. Baada ya saa moja na nusu Kisiwani bado kilikuwa kinatupungia mkono. Nahodha akaona afupishe, akakata kwenye maji machache karibu na mikoko. Tukasikia chini sauti kama ya mtu anayeburuta gunia la mchele. Mashua ikasimama.

"Tumepwelewa," alisema, akakunja tanga, akajifunika nalo, akalala.

Wale wa bara mnaosoma hamjui neno hilo. Mimi pia sikulijua. Ni chombo kuachwa na maji. Nusu saa baadaye mashua ilikuwa imelala ubavu kama mbuzi mgonjwa, na pande zote ni mchanga, tope na kaa wekundu wanaotupungia gando. Nikasema, mimi kiongozi, kwamba tutembee hadi ufukweni, si mbali. Hatua ya kumi tope liko magotini. Hatua ya ishirini kandambili ya kushoto imekwenda, na mpaka leo iko huko. Siku moja wataalamu wataifukua na kuiandikia ripoti. Mwalimu wa historia mkoba uko kichwani, gauni limefungwa kiunoni, anacheka anashindwa kupumua. Tulirudi kwenye mashua kwa magoti na mikono. Ndipo mwalimu wa hisabati, aliyekuwa hajasema neno tangu Masoko, akajipangusa uso akasema, "Mwalimu, hebu tufundishe ile mada ya kujaa na kupwa kwa maji."

Tulikaa pale tangu saa mbili na nusu hadi karibu saa sita. Mihogo ikaisha, maji ya kunywa yakabaki ya kulamba. Mashua ilipoinuka hakuna aliyetaka tena kusikia jina la Songo Mnara. Tukageuza, kusi likatusukuma nyuma, tukarudi upesi kwa aibu.

Jioni nikamfuata yule mzee wa nyavu. Nilimpelekea sukari na majani ya chai, nikakaa mchangani kama mwanafunzi. Alikuwa ameniuliza mwezi wa angani, siku ya ngapi tangu kuandama. Na ningeweza kujua kwa vidole! Idi ya kuchinja ilikuwa Jumatatu iliyotangulia, na Idi hiyo ni mwezi kumi. Jumamosi ni mwezi kumi na tano. Akanipa kanuni ambayo sijaikuta katika kitabu chochote nilichofundishia: mwezi mosi na mwezi kumi na tano, pwani hii, maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata sogeza mbele kama dakika hamsini. Siku hizo ni bamvu, maji hujaa sana na kukauka sana. Mwezi saba au nane, na ishirini na mbili au tatu, ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayaji juu, na asubuhi yenye nuru unayakuta yamejaa. Yaani mshauri wetu wa mwezi mpevu alituchagulia siku mbaya kuliko zote.

Desemba tukarudi, walewale sita. Safari hii tulishuka Dar kwa treni ya umeme, ambayo Juni ilikuwa bado haijaanza kuja Dodoma. Tarehe hatukuangalia likizo tu, tuliangalia kalenda ya msikitini kwa jirani. Tulichukua boti ya injini, laki mbili na ushei, mafuta yakiwa ndani ya bei (hilo lisemwe mapema, lisemwe mara mbili). Tukigawana sita haikufika hata nusu ya mbuzi kwa mtu. Viatu ni yeboyebo za kufunga nyuma. Na ujanja ninaojisifia kuliko yote: ndoo ya lita ishirini yenye kifuniko, tuliyoinunua Masoko. Simu, mikate, kamera, vyote ndani, na mtu akichoka anaikalia. Wakati wa kurudi kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ilitupiga usoni, tukalowa hadi masikioni, lakini mikate ilikuwa mikavu.

Ufukweni mzee yuleyule alituona. "Mwezi ngapi?"

"Mwezi saba, mzee, shikamoo."

"Marahaba. Kapande."

Songo Mnara tulifika kabla ya saa nne, tukashuka kwenye maji ya magotini katikati ya mikoko. Hakuna kibanda cha soda, hakuna kelele. Kuta zimesimama kupita nilivyotarajia: kasri, misikiti, nyumba kwa nyumba zenye milango ya mawe yaliyochongwa vizuri, mibuyu imeota humohumo. Mji huu na Kisiwani viliingizwa pamoja katika urithi wa dunia mwaka 1981, vikawekwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004, na vikatolewa humo mwaka 2014 baada ya ukarabati. Mwalimu wa historia alizungumza saa mbili bila kupumzika, kulipia ukimya wa Msikiti Mkuu. Shemeji alipima milango kwa hatua. Saa sita nahodha akapiga mluzi na sote sita tukaondoka mbio, hakuna aliyebishana.

Siku ya mwisho tulipita Kivinje, mji wa misafara wa karne ya 19 wenye nyumba za milango ya nakshi zinazobomoka, na penye Mwembe Kinyonga, mahali Wajerumani walipowanyongea wapiganaji wa Maji Maji. Nusu siku inatosha, lakini nendeni asubuhi, Desemba pale ni tanuri.

Fedha yote, gesti, chakula, vyombo, nauli, haikuvuka laki tatu na nusu kwa mtu, kwa siku tano. Yule mshauri sasa huwaambia watu kwamba yeye ndiye aliyetuelekeza Kilwa. Juzi nimemsikia akimweleza mwalimu mgeni jinsi ya kwenda Mafia kuwaona papa potwe, na mwalimu mgeni alikuwa anaandika kwenye daftari.